Uwanja wa Ndege wa Kasese: Ndege Inaweza Nini kwa Mgonjwa, na Haiwezi Nini



Sisi wajumbe wa afya wa kujitolea tukipita nyumba kwa nyumba, hukutana na maswali mengi kuhusu ndege. Watu walioko Ibanda, chini ya milima ya Rwenzori, na wale wa upande wa Bwera huona ndege ndogo ikipita kuelekea Kasese mjini. Wengine mlivuka mpaka Mpondwe mkitoka Beni, Butembo au Ituri, na kule mlizoea kuona ndege ndogo zikileta dawa na kubeba wagonjwa. Ndiyo maana mnauliza: "Mbona hapa mgonjwa wetu akizidiwa hatumwoni akipakiwa ndege?" Wengine huuliza kinyume: "Je, ni kweli kwamba ndege ndizo zinazoleta Ebola?" Na wapo wanaongoja safari ya kuhamia nchi nyingine, nao wanataka kujua kama afya yao itawaruhusu kupanda.

Makala haya yanajibu maswali hayo. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha msomee na jirani asiyejua kusoma.

UWANJA WENYEWE UKOJE?

Uwanja wa ndege wa Kasese uko mjini Kasese, katika nchi tambarare yenye joto chini ya Rwenzori. Mahali hapo pana urefu wa karibu mita 960 kutoka usawa wa bahari. Unasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda. Kwa muda mrefu njia yake ya kurukia imekuwa ya udongo bila lami, na urefu wake ni kama kilomita moja na nusu. Linganisha na Entebbe, ambako njia kuu ina mita 3,658. Ndege kubwa zinazovuka bahari haziwezi kutua Kasese. Zinazotua ni ndege ndogo, kwa mfano zile zinazoitwa Cessna Caravan, zenye injini moja na nafasi ya watu kama kumi hivi.

Kutoka Entebbe mpaka Kasese kwa anga ni kama kilomita 260, na ndege ndogo huchukua muda wa karibu saa moja. Kwa gari kutoka Kampala ni saa 6 au zaidi. Abiria wengi wa ndege hizo ni watalii wanaokwenda mbuga ya Queen Elizabeth au kupanda mlima, pamoja na maofisa wa serikali na wa mashirika. Ndege haiji kila saa kama teksi ya Bwera. Mara nyingi inakuja kwa sababu kuna watu waliolipia waje au waondoke.

Jambo lingine la kujua ni uzito. Katika ndege ndogo kila kilo inahesabiwa. Mara nyingi abiria huruhusiwa mzigo wa kilo 15 tu, tena katika begi laini. Mgonjwa aliyelala kwenye machela huchukua nafasi ya viti kadhaa, na lazima awe na mhudumu wa kukaa naye. Ndege hizi ndogo kwa kawaida husafiri mchana, rubani akiiona ardhi na milima kwa macho yake. Mawingu yakishuka Rwenzori, rubani husubiri. Giza likiingia, husubiri mpaka asubuhi.

KWA NINI KULE KONGO NDEGE ZILIKUWA NYINGI?

Wale mliotoka mashariki mwa Kongo mna sababu ya kuuliza. Kule sehemu nyingi barabara zimeharibika au zina hatari ya watu wenye silaha, hivyo ndege ndiyo iliyokuwa barabara. Hospitali ya Nyankunde, huko Ituri, ilitegemea sana ndege ndogo za wamisionari kwa dawa na madaktari, mpaka vita vilipoiharibu mwezi wa Septemba 2002 na kazi yake ikahamia upande wa Beni. Ndege za Umoja wa Mataifa, zinazoendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula, hubeba wafanyakazi wa misaada na vifaa mpaka mahali ambapo gari haliwezi kufika.

Kwa hiyo ndege ilipelekwa mahali palipokosa njia nyingine. Upande huu wa mpaka kuna barabara ya lami kutoka Mpondwe mpaka Kikorongo, kisha Kasese, kisha Fort Portal. Njiani kuna hospitali zinazofanya upasuaji: Bwera, Kagando na Kilembe. Fort Portal kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakazi wa Rwamwanja na Kyaka II wakihitaji huduma kubwa, wengi hupelekwa Fort Portal, na wa Nakivale hupelekwa Mbarara. Barabara hii ndiyo msaada wetu wa kwanza.

TUPIGE HESABU YA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano. Mama amejifungua karibu na Bwera saa 3 usiku, na damu haikomi. Familia inasema: "Huyu ni wa kupelekwa Kampala kwa ndege." Tuhesabu pamoja.

Kwanza, ndege haiko Kasese. Iko Entebbe au Kajjansi, nayo haitaruka usiku huo. Pili, lazima mtu aipigie simu kampuni na kukubali kulipa. Tatu, kesho yake asubuhi ndege itachukua saa moja kufika. Nne, mama mwenyewe lazima apelekwe kwa gari kutoka Bwera mpaka Kasese, zaidi ya kilomita 50. Gari hilo litapita Kisinga, pale pale panapokatwa kona ya kwenda hospitali ya Kagando! Yaani ili kuifuata ndege, mtampitisha mgonjwa mbele ya mlango wa madaktari wenye chumba cha upasuaji.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Ndege ya asubuhi haimsaidii. Kinachomsaidia ni mkunga kumpa dawa ya kukaza mji wa uzazi mara moja, kisha kumpeleka penye damu na upasuaji usiku huo huo.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye malaria kali. Mtoto anayeshtuka degedege hahitaji kuvuka anga. Anahitaji dawa ya sindano ya malaria iliyoko kituo cha afya, na anaihitaji mapema.

"MTALII ANAPAKIWA NDEGE, SISI TUNAPAKIWA GARI"

Swali hili linauma, nasi hatutalikwepa. Ni kweli kwamba mtalii akivunjika mguu mlimani anaweza kuja kuchukuliwa kwa ndege. Sababu yake ni malipo. Kabla ya kutoka kwao amenunua bima, na kampuni ya bima ndiyo inayolipa. Safari moja ya ndege ya wagonjwa hugharimu maelfu ya dola. Damu yake na ya mtoto wako ni sawa, ila mfuko unaolipa ndio tofauti.

Hata hivyo, mjue kwamba huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki haikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha mjini Nairobi kazi ya kuwafikia kwa ndege wagonjwa wa vijijini waliokosa daktari. Shirika hilo leo linaitwa Amref, na ndege zake za wagonjwa bado zinatoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Wazo la tangu mwanzo lilikuwa kumpeleka daktari mahali asipokuwapo, na hata leo mahali penye daktari karibu, gari hushinda ndege.

Tunawaomba sana: familia isiuze mbuzi, shamba au mgao wa chakula kwa mtu anayesema ana njia ya kumpatia mgonjwa nafasi katika ndege. Daktari ndiye anayeandika rufaa, na kituo cha afya ndicho kinachopanga usafiri. Kama hamjaridhika na uamuzi, ombeni kuongea na mkuu wa kituo au pelekeni malalamiko ofisi ya ulinzi wa wakimbizi.

JE, NDEGE NDIZO ZINAZOLETA EBOLA?

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Tuangalie ugonjwa huo ulisafiri kwa njia gani.

Mwezi wa Julai 2019 ulifika Goma. Mgonjwa alitoka Butembo kwa basi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo ulifika Kasese. Mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake alipelekwa hospitali ya Kagando. Wahudumu pale walishuku Ebola wakampeleka kituo cha matibabu ya Ebola Bwera, na maabara ya taifa ya Entebbe ikathibitisha. Mtoto huyo alifariki, kisha bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 pia. Mwezi wa Agosti msichana wa miaka 9 alivuka Mpondwe na mama yake. Wapimaji wa mpakani wakamwona ana dalili, wakampeleka Bwera siku hiyo hiyo. Naye alifariki, lakini ugonjwa haukuenea Uganda.

Katika habari hizi zote hakuna aliyekuja na ndege. Ugonjwa ulifuata njia tunazopita sisi: basi, miguu, kumtembelea ndugu mgonjwa, na mazishi. Ndiyo maana ulinzi mkubwa uko Mpondwe na katika vituo vyetu kuliko uwanjani.

Ndege ilikuwa na kazi nyingine. Chanjo ya Ebola ilitoka ng'ambo, tena lazima ikae katika baridi kali ya nyuzi 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Chanjo kama hiyo haiwezi kuja kwa meli na kukaa bandarini wiki nyingi. Kabla ya kisa cha Juni 2019 Uganda ilikuwa imeshawachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165. Ndege ilifupisha safari ya chanjo. Lakini mtu aliyeutambua ugonjwa alikuwa mhudumu aliyevaa glavu na kuuliza maswali mazuri.

Mjue pia kwamba chanjo hiyo hufanya kazi kwa aina moja ya Ebola, ile iitwayo Zaire. Mlipuko wa Mubende wa mwaka 2022 na ule wa Kampala wa mwaka 2025 ulikuwa wa aina ya Sudan, ambayo chanjo hiyo haiikingi. Kwa hiyo kunawa mikono na kutoa taarifa mapema bado ndiyo kinga yetu.

KIPIMO CHA JOTO HAKIDHURU

Mpakani na uwanja wa ndege mnaweza kuelekezewa kifaa kinachofanana na bastola kwenye paji la uso. Kifaa hicho hakitoi mionzi ya kudhuru, hakinyonyi damu, wala hakipigi picha ya ubongo. Kinasoma joto linalotoka kwenye ngozi, basi. Ukionekana una homa utawekwa kando, uulizwe ulikotoka na ulimgusa nani, na utapimwa tena. Homa nyingi huku kwetu ni malaria. Ukinywa dawa ya kushusha homa ili upite, utawaambukiza wale unaowapenda kabla hujamdanganya mpimaji.

Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21. Katika siku hizo asipande ndege, basi wala boda boda kwenda mbali. Akikaa na kufuatiliwa, akianza kuumwa atapata matibabu siku ya kwanza.

KAMA WEWE NDIYE UTAKAYEPANDA NDEGE

Wanaohamia nchi nyingine kwa kawaida huenda kwa basi mpaka Entebbe, na huko hupanda ndege kubwa. Wachache husafiri kwa ndege ndogo. Kwa wote, hewa ya juu ni nyepesi. Ndege kubwa hushindilia hewa ndani, na bado abiria huvuta hewa kama ya mtu aliye mlimani mpaka mita 2,400. Ndege ndogo kama Caravan haishindilii hewa. Ikipanda mita 3,000, unavuta hewa ya mita 3,000. Wapagazi wa Ibanda wanaielewa hewa hiyo: ni ya kati ya kibanda cha Nyabitaba na kile cha John Matte. Mtu mwenye afya haoni shida, lakini wengine wanaweza kuona.

Mwambie daktari kabla ya safari kama una mojawapo ya haya:

1. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Hewa nyepesi inaweza kuamsha maumivu makali. Kunywa maji mengi, vaa nguo za joto, na upate ushauri kwanza.

2. Upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

3. Upasuaji wa karibuni wa tumbo au kifua, au pafu lililopasuka. Hewa iliyobaki mwilini hutanuka ndege ikipanda.

4. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza hapandi ndege mpaka dawa zimefanya kazi. Msikifiche. Katika uchunguzi wa kuhama, kifua kikuu huchelewesha safari ili utibiwe, na ukitibiwa safari yako inaweza kuendelea.

5. Ujauzito. Kampuni nyingi hutaka barua ya daktari baada ya wiki ya 28, na hazimchukui mama baada ya wiki ya 36. Mwenye mapacha husimamishwa mapema zaidi.

Mambo mengine ya safari:

- Dawa za kila siku, kama za virusi vya ukimwi, kifafa, kisukari au shinikizo la damu, ziwe katika mfuko wa mkononi. Mzigo ukipotea, dawa zisipotee nao.

- Mtoto mchanga anyonye ndege inapopanda na inapotua. Kumeza kunapunguza maumivu ya masikio.

- Katika safari ndefu simama, tembea kidogo, kunja na kunjua miguu ili damu isigande.

- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano: chanjo ianze siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu Julai 2016 kadi hiyo inatosha maisha yote, kwa hiyo usinunue nyingine kwa mtu wa mtaani.

Ujumbe kwa wanaongoja: mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha pangiwa tarehe walifutiwa safari. Tunajua maumivu ya kufungasha mizigo na kuifungua tena. Kama safari yako imeahirishwa, uliza ofisini kama uchunguzi wako wa afya bado unakubalika, kwa sababu una muda wake wa kwisha. Usiache dawa ukisema utatibiwa huko uendako. Na asije mtu akakudai fedha mkononi ili akurudishe katika orodha ya ndege. Huyo ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho. Kama usingizi umepotea au moyo umekata tamaa, njoo kituoni uongee na mshauri. Hilo nalo ni ugonjwa unaotibika.

MAMBO YA KUFANYA LEO NYUMBANI KWAKO

Gari linaweza kushinda ndege kama tu limeitwa mapema. Kila nyumba, hasa yenye mama mjamzito au mtoto mdogo, ipange haya kabla ya shida:

- Ijue namba ya simu ya kituo cha afya na ya mjumbe wa afya wa mtaa wako. Iandike ukutani, isibaki katika simu ya mtu mmoja.

- Kubalianeni na mwenye boda boda au gari anayeaminika wa usiku. Ulizeni mapema gari la wagonjwa linaitwa vipi.

- Wekeni akiba kidogo, na mchague nani atabaki na watoto.

- Mama ajifungulie kituoni.

Kimbilia kituo mara moja ukiona dalili hizi. Kwa mama: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, au mtoto tumboni kuacha kucheza. Kwa mtoto: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amelegea na hazinduki, anapumua kwa shida, au ameshikwa na degedege. Kwa yeyote: homa pamoja na kutapika, kuhara au kutokwa na damu baada ya kumtembelea mgonjwa au kuhudhuria mazishi. Huyu msimguse bila kinga. Piga simu kwanza.

Ndege ya Kasese itaendelea kupita juu ya vichwa vyetu, nayo ina kazi zake. Ila mgonjwa wako akizidiwa usiku, hatua inayomwokoa ni ile unayopiga wewe kutoka mlangoni kwako kwenda kituoni. Ipige mapema.



Mwandishi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea. Maswali yenu yapelekeni kwa mjumbe wa afya wa mtaa wenu.